Kompyuta Inayojizima na Kugoma Kuwaka

Kompyuta ya nyumbani inayojizima katikati ya kazi, au inayogoma kuwaka baada ya kuzimwa salama usiku uliotangulia, huwa imeshapelekwa kwa fundi zaidi ya mara moja kabla hitilafu yake haijajulikana. Kwa wakazi wa Upanga, Dar es Salaam, safari hiyo ni fupi. Kutoka Mtaa wa Mindu au Barabara ya Umoja wa Mataifa hadi kwa mafundi wa Kariakoo si mbali kwa bajaji, na dawa inayotolewa kwanza, karibu kwa kila mashine, ni kupiga Windows upya. Kompyuta hurudi nyumbani ikiwa nyepesi, picha za familia zimefutika, na siku chache baadaye inajizima tena. Mara nyingi Windows haikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa chini yake: kwenye umeme, joto, RAM, diski, au ile betri ndogo ya saa iliyopachikwa kwenye madabodi. Kila kimoja kati ya hivyo kina dalili zake, na dalili hizo zinaonekana bila vifaa vya gharama.

Jambo la kwanza ni kujua mashine inaishia wapi. Kitufe kinapobonyezwa, pawa saplai huugeuza umeme wa ukutani, ambao kwa Tanzania ni wa volti 230, kuwa umeme mdogo wa volti 12, 5 na 3.3, kisha huiarifu madabodi kwamba umeme umetulia. Prosesa huanza kusoma programu fupi iliyohifadhiwa kwenye chipu ya madabodi; katika mashine za zamani huitwa BIOS, za karibuni UEFI. Programu hiyo hukagua RAM, kioo na kibodi, halafu hutafuta diski yenye mfumo endeshi na kuukabidhi kazi. Windows nayo hupakia draiva za vifaa moja baada ya nyingine mpaka mtumiaji aone ukurasa aliouzoea.

Mpangilio huu haurukwi. Mashine isiyotoa hata taa haiwezi kuwa na kosa la Windows, kwa kuwa haijafika huko. Inayozungusha feni huku kioo kikibaki cheusi imekwama kwenye RAM, kadi ya picha au madabodi, ikiwa waya wa kioo umechomekwa vizuri. Inayoonyesha nembo ya Dell au HP kisha ikaandika kwamba haioni diski ya kuwashia imevuka salama umeme na RAM; ya kwake ni diski au mipangilio ya BIOS. Inayofungua Windows vizuri na kujizima baada ya muda ina kesi nyingine kabisa. Mteja anayeweza kumweleza fundi mahali hasa mashine inapokwama ameondoa sehemu kubwa ya makisio kabla bisbisi haijashikwa.

Umeme ndio wa kwanza kuchunguzwa. Nchi imepitia migao mikubwa ya umeme, ya mwaka 2006, 2011 na 2023, na mwaka 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, lililojengwa kuzalisha megawati 2,115, ulianza kutoa umeme. Lakini kompyuta haiumizwi sana na giza la muda wa saa nne. Inaumizwa na umeme unaokatika kwa nukta moja na kurudi, mara tatu mfululizo, na umeme mdogo wa jioni ambapo taa zinafifia na feni inazunguka kivivu. Hayo hutokana na transfoma ya mtaa, nguzo, nyaya na mzigo wa majirani, na wingi wa megawati Rufiji hauyaondoi.

Hapa kuna takwimu inayofafanua mengi. Pawa saplai ya kawaida imetengenezwa iweze kuvumilia kukosa umeme kwa takribani milisekunde 16 au 17 tu inapobeba mzigo wake wote. Umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde hutumia milisekunde 20 kumaliza mzunguko mmoja. Maana yake ni kwamba pengo dogo, ambalo kwa binadamu ni kupepesa kwa taa, linatosha kuizima kompyuta na kuiwasha upya. Televisheni inaweza isishtuke. Mwenye nyumba akiona hivyo huhitimisha kwamba kompyuta ni mbovu, kumbe inafanya kile ambacho mashine yoyote ya aina yake ingefanya.

Nyumba za Upanga zina sababu zake za kuleta mapengo hayo. Kwenye fleti za zamani, zikiwemo za Shirika la Nyumba la Taifa, nyaya nyingi zilitandazwa zama ambazo chumba kilikuwa na taa, feni na pasi. Kiyoyozi kimekuja baadaye kikaunganishwa humo humo. Kompresa yake inapoanza kazi huvuta umeme mwingi kwa ghafla, volti hushuka, na kompyuta iliyo kwenye njia hiyo hiyo ya umeme hujiwasha upya. Kwenye maghorofa mapya kuna lifti, pampu za maji na jenereta la jengo, na kati ya umeme wa TANESCO kukatika na jenereta kupokea hupita sekunde kadhaa ambazo hakuna pawa saplai inayoweza kuzivumilia. Kipimo chake hakihitaji fundi. Mashine ihamishwe kwenye soketi ya chumba kingine, bila ekstensheni, ikae huko siku kadhaa, na iangaliwe kama inajizima wakati ule ule kiyoyozi, pampu au pasi inapowashwa.

Plagi nayo huleta balaa lake. Soketi za Tanzania ni za pini tatu za bapa, kama za Uingereza na Dubai, lakini kompyuta nyingi zilizotumika huja na nyaya za Ulaya bara zenye pini mbili za duara. Desturi iliyoenea ni kuchomeka kalamu kwenye tundu la juu ili kufungua vizibo, kisha kusukuma zile pini mbili. Kompyuta inawaka, ila haina tena waya wa ardhi. Ishara yake ni boksi la chuma linalowashawasha mkono likiguswa, hasa kwa mtu aliyesimama pekupeku sakafuni. Umeme huo mdogo unaozagaa huweza kusababisha hitilafu za ajabuajabu, kuanzia mausi inayopotea hadi flashi inayojitoa yenyewe, na kwa watoto si jambo la kuvumiliwa hata siku moja. Waya sahihi wa pini tatu hauna gharama kubwa. Soketi yenyewe pia inapaswa kupimwa na fundi umeme, maana kuwa na tundu la tatu hakumaanishi kwamba nyuma yake kuna waya wa ardhi uliofika ardhini kweli.

Mashine iliyotoka Marekani inahitaji uangalifu wa peke yake. Huko umeme wa majumbani ni wa volti 120, na pawa saplai nyingi za zamani zina swichi ndogo nyekundu kwa nyuma yenye maandishi 115 na 230. Ikiachwa kwenye 115 na kuchomekwa Dar es Salaam, hutoa mlio mmoja na moshi, na biashara imeisha. Swichi hiyo itazamwe kabla ya plagi kuguswa.

Kinga ya kompyuta ni UPS. Vifaa vile vya kulinda friji, ambavyo huzima umeme unapopanda au kushuka na kusubiri dakika chache kabla ya kuurudisha, vinafanya kazi nzuri kwa friji. Kwa kompyuta havisaidii dhidi ya pengo la ghafla, kwa kuwa navyo hukata. Stabilaiza hunyanyua umeme mdogo lakini haina akiba. UPS ina betri ya kuziba pengo, na aina nyingi za ukubwa wa nyumbani hurekebisha pia volti. Udhaifu wake ni betri hiyo hiyo, ambayo kwa kawaida ni ya volti 12 na huchakaa ndani ya miaka michache. Joto huyafupisha zaidi maisha yake, na joto la Dar es Salaam halina huruma. UPS ambayo betri yake imekufa huwa kisababishi cha kujizima badala ya kinga. Ichomolewe ukutani huku taa ya mezani ikiwa imechomekwa nyuma yake: taa ikizima papo hapo, betri imekwisha. Printa ya leza isichomekwe kwenye UPS ndogo, kwani kipasha joto chake huvuta umeme mwingi kuliko inavyoweza kubeba.

Baada ya umeme huja swali la umri wa mashine. Kompyuta ya mezani katika nyumba nyingi za jijini ni iliyotumika, iliyokuwa ofisini Ulaya au Dubai kabla ya kufika madukani: OptiPlex za Dell, Compaq na EliteDesk za HP, ThinkCentre za Lenovo. Ni chaguo la busara. Tanzania iliwahi, mwaka 1974, kupiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na nyumba za kawaida zilipoanza kuzipata miaka mingi baadaye, nyingi zilipata mashine za mtumba za aina hii, imara kuliko mpya za bei ya chini. Hata hivyo, mtumba huja na historia yake. Dell iliuza kompyuta zisizopungua milioni 11.8 kati ya Mei 2003 na Julai 2005 ambazo zilikuwa katika hatari ya kuharibika kwa sababu ya kapasita mbovu kwenye madabodi, jambo lililowekwa wazi na nyaraka za mahakamani huko Marekani mwaka 2010. OptiPlex GX270 na GX280 zilikuwa miongoni mwao. Mashine hizo sasa ni kongwe mno, lakini kapasita bado ni mahali pa kutazama katika kompyuta yoyote ya umri mkubwa. Ni vikopo vidogo vilivyosimama karibu na prosesa. Kichwa chake kinatakiwa kiwe bapa; kikivimba au kikitoa maji ya kahawia, mashine itaganda, itajizima, na hatimaye itakataa kuwaka, na hakuna programu itakayoitibu.

Kifaa kinachostahili kuzungumziwa kwa kirefu kuliko vyote ni betri ya saa. Ni duara la rangi ya fedha lenye ukubwa wa sarafu, aina ya CR2032, volti 3. Kazi yake ni kuendesha saa ya kompyuta, na katika mashine nyingi za mezani kutunza mipangilio ya BIOS, wakati hakuna umeme. Mashine ikiwa imechomekwa ukutani muda wote, hata ikiwa imezimwa, pawa saplai huendelea kuipa madabodi umeme kidogo na betri hupumzika. Katika nyumba ambayo umeme hukatika, au ambayo baba huzima soketi zote usiku ili uniti za umeme za LUKU zisiliwe, betri hubeba mzigo huo peke yake. Ikiisha, kompyuta huamka asubuhi ikidhani ni Januari mosi ya mwaka uliopita zamani.

Matokeo yake hufika mbali kuliko tarehe. Tovuti za benki na barua pepe hukataa kufunguka zikidai kwamba muunganisho si salama, kwa sababu vyeti vyake vya usalama vina tarehe na tarehe ya mashine haiingii humo. Kubwa zaidi ni mipangilio ya diski. BIOS ina sehemu inayoamua diski izungumzishwe kwa namna gani, ama AHCI, ama RAID, ama IDE ya zamani. OptiPlex nyingi hutoka kiwandani zikiwa kwenye RAID. Fundi aliyeweka Windows huenda aliibadilisha kuwa AHCI. Siku betri inapokufa na umeme ukakatika, mipangilio inarudi kuwa ya kiwandani, Windows haiwezi tena kuisoma diski yake, na kioo cha buluu kinatokea na maandishi INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, au katika Windows za zamani namba 0x0000007B. Diski ni nzima. Windows ni nzima. Faili zote zipo. Ukiingia BIOS kwa F2 na kurudisha AHCI, mashine inawaka kama ilivyokuwa. Akija mtu wa kupiga Windows upya, ataipiga juu ya mipangilio mipya, itawaka, atalipwa, na miaka kumi ya picha itakuwa imefutwa kwa sababu ya betri inayouzwa na muuza saa yeyote wa Kariakoo. Betri ikibadilishwa, mipangilio iandikwe au ipigwe picha kwa simu kabla ya kuitoa ya zamani.

RAM hupimwa kwa kuipunguza. Mashine ikiwa na vipande viwili, kimoja kitolewe, iwashwe. Halafu kibadilishwe na mwenzake. Katika kompyuta za mtumba ni kawaida kukuta vipande vya watengenezaji tofauti na kasi tofauti vilivyounganishwa ili tangazo lisomeke GB 8, na vingine havielewani. Dalili za RAM mbovu ni vioo vya buluu vyenye ujumbe unaobadilika kila mara, leo huu kesho ule, na mafaili yanayoharibika wakati wa kunakiliwa. Upande huu wa mji, kutoka Sea View hadi Daraja la Selander, hewa ya bahari hufika na chumvi yake, na meno ya RAM hufifia rangi hadi mguso unapotea. Raba safi ya kufutia penseli, ikipitishwa taratibu juu ya meno hayo na unga wake kuondolewa wote, imefufua mashine nyingi zilizotangazwa kufa. Windows ina kipimo chake cha RAM, mdsched, na MemTest86 hufanya upimaji mkali zaidi ikiachwa usiku kucha. Kosa moja tu likijitokeza linatosha kukihukumu kipande hicho. Katika kompyuta nyingi za Dell za miaka ya karibuni, taa ya kitufe ikimulika mara mbili kwa rangi ya chungwa na mara tatu kwa nyeupe inamaanisha RAM haikuonekana kabisa; kila mtengenezaji ana ishara zake na huzieleza kwenye mwongozo wa mashine.

Joto huwa na saa zake. Mashine inayofanya kazi vizuri asubuhi na kujizima mchana wa Februari, au inayojizima kila inapofunguliwa mchezo au video nzito, inaungua ndani. Prosesa nyingi hujipunguza kasi zinapokaribia nyuzi 100 za Selsiasi, na joto likizidi hujizima ili zisiharibike. Vumbi la ujenzi likichanganyika na unyevu wa pwani hugeuka tabaka zito kama blanketi juu ya mapezi ya kupoza, na feni inazunguka bila hewa kupita. Kusafisha kufanywe mashine ikiwa imechomolewa, kitufe kikiwa kimebonyezwa sekunde kadhaa kumaliza umeme uliobaki, kwa brashi laini ya kupakia rangi, na feni ishikwe kwa kidole isizunguke inapopulizwa. Ile pesti nyeupe au ya kijivu kati ya prosesa na kipoza hukauka baada ya miaka. Ifutwe, ipakwe mpya kidogo tu. Pawa saplai yenyewe isifunguliwe na mtu asiye fundi wa elektroniki. Kapasita zake huweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomolewa.

Diski ndiyo inayobeba kitu kisichonunulika tena. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Muhimbili mwenye tasnifu, mama mwenye hesabu za kikoba, mzee mwenye picha za harusi za watoto wake, hawa wote hupoteza zaidi ya thamani ya mashine. Kwa hiyo diski ikishukiwa, kazi ya kwanza ni kunakili, na matengenezo yafuate. Diski ya kuzunguka inayotoa mlio wa kugonga izimwe mara moja, kwani kila dakika ya kuizungusha inaongeza uharibifu. Diski huweka pia kumbukumbu ya afya yake, iitwayo SMART, inayosomwa kwa programu ya bure kama CrystalDiskInfo. Namba za kutazamwa ni ya sekta zilizohamishwa na ya sekta zinazosubiri kuhamishwa: zikiwa juu ya sifuri na zinaongezeka, diski iko njiani kuondoka. Kuweka SSD, diski isiyozunguka, mahali pake ni matengenezo yenye faida kubwa kuliko yote kwa mashine ya zamani, mradi SSD iwe ya kweli. Zipo sokoni diski na flashi zilizochezewa zidai ukubwa zisiokuwa nao. Zikijaa ukubwa wake halisi, data mpya huiharibu ya zamani bila onyo. Programu ya H2testw huijaza flashi na kuisoma tena ili kuufichua udanganyifu huo.

Kuna jaribio moja linalotenganisha vifaa na programu kwa uhakika mkubwa, na linafaa kufanywa kabla ya mtu yeyote kutamka habari ya kupiga Windows. Mfumo huru kama Ubuntu au Linux Mint huwekwa kwenye flashi, na kompyuta huwashwa kutoka kwenye flashi hiyo bila kugusa diski. Ikifanya kazi saa nyingi bila kuganda, basi umeme, RAM, prosesa na madabodi viko salama kwa kiasi kikubwa, na tatizo liko kwenye diski au Windows. Ikijizima na huko, Windows imeondolewa lawama. Faida ya pili ni kwamba kutoka kwenye mfumo huo huo faili za diski zinaweza kunakiliwa kwenda kwenye diski ya nje, isipokuwa kama diski imefungwa kwa BitLocker, hali inayokutwa kwenye laptopu nyingi mpya. Hapo unahitajika ufunguo wa tarakimu 48, ambao mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine. Utafutwe mapema, kwa maana hata kubadilisha mipangilio ya BIOS kunaweza kuufanya uulizwe.

Ushahidi ukielekeza kwenye Windows, nayo inaulizwa kwa utaratibu. Kioo cha buluu hupotea haraka kwa sababu mashine imepangwa kujiwasha upya. Mpangilio huo uzimwe ili maandishi yasomeke na kupigwa picha. WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR huelekeza kwenye vifaa, hasa prosesa, joto au umeme. MEMORY_MANAGEMENT huelekeza kwenye RAM, japo draiva mbaya huweza kuutoa pia. Katika kumbukumbu za matukio ya Windows wengi hukutana na Kernel-Power 41 na kudhani wamepata chanzo. Tukio hilo hueleza tu kwamba mashine ilizimika bila kuagwa. Likiwa na namba ya kosa sifuri, Windows haikupata hata nafasi ya kuandika kilichotokea, na mchunguzi anarudishwa kwenye umeme na joto.

Umeme kukatika katikati ya masasisho ni chanzo cha kawaida cha kompyuta inayozunguka kwenye nembo bila kufika. Windows 10 na 11 zikishindwa kuwaka mara kadhaa mfululizo hufungua zenyewe ukurasa wa matengenezo. Humo kuna ukarabati wa kuwasha, kuondoa sasisho la mwisho, kurudi kwenye hali ya siku iliyopita, na hali salama, ambamo Windows hufunguka na draiva chache tu. Tarehe 19 Julai 2024 kosa katika faili moja la masasisho ya kampuni ya usalama ya CrowdStrike liliangusha kompyuta takribani milioni 8.5 duniani, ndege zikakwama na hospitali zikaandika kwa mkono. Tiba iliyotumika kwa nyingi ilikuwa kuingia hali salama na kulifuta faili hilo. Haikuhitajika kuzipiga Windows upya. Nyumbani, programu zinazostahili kushukiwa kwanza ni draiva mpya ya kadi ya picha, na vile vifunguo vya kuamsha Windows isiyo na leseni, ambavyo humtaka mtumiaji azime kinga ya virusi ili viingie. Aliyeizima kinga hiyo hajui tena ni nini kingine kilichoingia. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya bure ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za mtumba hazikidhi masharti ya Windows 11, ambayo hudai chipu ya TPM 2.0. Kwa mashine hizo Linux Mint ni makazi halali, yasiyo na malipo.

Kupiga Windows upya kuna nafasi yake: baada ya faili kunakiliwa na kufunguliwa mahali pengine kuhakikisha zinasomeka, baada ya RAM na diski kupimwa, na baada ya njia za ukarabati kushindwa. Fundi mzuri, na Kariakoo wapo wengi, huanza kwa kuuliza: inazima saa ngapi, ikifanya nini, inarudi yenyewe au mpaka ichomolewe, nyumbani mna UPS? Anayeuliza hivyo anastahili malipo hata kama jibu lake ni kubadilisha betri tu. Mteja naye ana haki ya kuomba kifaa kilichotolewa arudishiwe, risiti itaje kilichowekwa, na mashine iwashwe mbele yake zaidi ya mara moja, ikiwemo baada ya kuchomolewa kabisa. Kila badiliko lifanywe peke yake na kuangaliwa siku kadhaa kabla ya lingine. Vitu vitatu vikibadilishwa kwa mpigo, mashine huweza kupona bila yeyote kujua iliponywa na nini, na siku ikiugua tena kazi inaanza upya.

Ikiwa madabodi yenyewe imekufa, gharama ya kuibadilisha katika mashine ya zamani kwa kawaida hukaribia bei ya nyingine iliyotumika. Hapo RAM, SSD na pawa saplai nzima hutolewa kwa matumizi mengine, na boksi lililobaki huuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu wanaopita mitaani. Diski haiendi nao. Kufuta faili kwa njia ya kawaida huacha data inayoweza kurejeshwa, kwa hiyo diski nzima ifutwe kwa programu inayoandika juu ya kila sekta, au, kama ni SSD, kwa amri ya kufuta iliyotolewa na mtengenezaji wake. Na ile ya kuzunguka isiyowaka tena itobolewe kwa drili kwenye sahani zake kabla haijatoka mlangoni.